Ardhi ya Kasese na Bwera ina nyuzi kama za mti

Mpasua kuni hahitaji kufundishwa shuleni kwamba gogo lina upande wake. Akilisimamisha wima na kulipiga shoka kichwani, hupasuka kwa pigo moja au mawili. Akililaza na kulikata kiunoni, atatoka jasho kabla shoka halijafika nusu. Gogo ni lile lile, shoka ni lile lile, na mkono ni ule ule. Kilichobadilika ni upande tu. Nyuzi za mti zimelala kwa urefu, na ugumu anaoukuta mpasuaji hutegemea kama anakwenda pamoja na nyuzi hizo au anazikatiza.

Makala haya yanakusudia kueleza jambo hilo hilo juu ya kitu kikubwa zaidi kuliko gogo, nacho ni ardhi iliyo chini ya Kasese na Bwera, magharibi ya Uganda, pembeni mwa milima ya Rwenzori. Ardhi hiyo nayo ina nyuzi zake. Wataalamu wamekwisha kuzipima, na chombo kilichowawezesha kuzipima ni matetemeko yenyewe. Na ingawa habari hiyo yaweza kuonekana kuwa ni ya maabara, mwisho wake unamhusu kila mwananchi anayefyatua matofali na kusimamisha ukuta katika sehemu hizo.

NCHI INAYOTIKISIKA

Wazee wa sehemu za Toro na Bwamba hawajaisahau alfajiri ya tarehe 20 Machi, 1966. Watu walikuwa wangali wamelala wakati ardhi ilipotikisika kwa nguvu iliyopita 6 katika vipimo vya wataalamu. Watu zaidi ya 150 walikufa, zaidi ya 1,000 wakaumia, na maelfu ya nyumba zikaanguka au zikaharibika. Mwezi Februari 1994 nchi ilitikisika tena kwa nguvu ya 6.2, safari hii karibu na Kisomoro, si mbali na mji wa Fort Portal, na watu wakapoteza maisha.

Hayo ndiyo makubwa. Madogo ni mengi mno. Kati ya mwaka 2006 na 2007 wataalamu kutoka Ujerumani, wakishirikiana na wenzao wa Uganda, walitega vyombo vya kupimia matetemeko katika vituo zaidi ya 20 kuizunguka Rwenzori. Vyombo hivyo viliandika kwa wastani matetemeko yapatayo 800 kila mwezi. Mengi kati ya hayo hayahisiwi na mtu. Mwenye nyumba huendelea na chakula chake, na mtoto huendelea na usingizi wake, huku kalamu ya chombo ikichora.

Sababu yake inajulikana. Kasese na Bwera ziko katika tawi la magharibi la Bonde la Ufa, mahali ambapo Afrika inavutwa taratibu kuelekea mashariki na magharibi. Rwenzori yenyewe, yenye kilele cha meta 5,109, si mlima wa volkano kama Kilimanjaro. Ni pande kubwa la mwamba wa kale lililoinuliwa juu kati ya mipasuko ya ardhi. Mipasuko hiyo haijatulia. Mkazo hukusanyika polepole katika mwamba, na mwamba ukishindwa kuuvumilia hufyatuka, kama fimbo iliyopindwa kupita kiasi. Mfyatuko huo ndio unaotoa mawimbi.

MAWIMBI YA NAMNA MBILI

Tetemeko hutoa mawimbi ya namna mbili yanayopita ndani ya mwamba. La kwanza ni wimbi la msukumo. Hili husukuma na kuvuta mwamba kuelekea kule kule linakokwenda, kama mabehewa ya garimoshi yanavyogongana wakati injini inapoanza kurudi nyuma. La pili ni wimbi la mtikiso wa kando. Hili huutikisa mwamba kukatiza njia yake, kama kamba iliyofungwa mtini inavyocheza mtu anapoitikisa ncha yake.

Katika mwamba mgumu wimbi la msukumo huenda kama kilomita 6 kwa sekunde, na lile la mtikiso wa kando kama kilomita 3.5 tu. Kwa hiyo tetemeko likitokea umbali wa kilomita 60, wimbi la kwanza litafika baada ya sekunde 10, na la pili baada ya sekunde 17. Msomaji atakayehisi mshtuko mfupi wa kwanza, kisha mtikisiko mkubwa zaidi, na akahesabu sekunde zilizopita katikati, aweza kukadiria umbali wa chanzo: kila sekunde moja ya pengo ni kama kilomita 8. Ni hesabu ile ile tunayoifanya kati ya radi inapomulika na ngurumo yake inaposikika.

Hesabu hiyo ina jambo moja ililolichukua kuwa kweli bila kuliuliza, yaani kwamba mwamba ni sawasawa pande zote, kama tonge la ugali lisilo na mwelekeo. Mwamba wa Rwenzori si hivyo.

MWAMBA WA MATABAKA

Mtu akisimama penye mwamba uliochongwa kando ya barabara ya kwenda Kilembe, au akiokota mawe yaliyobebwa na mto Nyamwamba, atayaona mengi yana mistari. Ni mawe ya naisi na shisti. Zamani sana, yakiwa chini kabisa ya ardhi, yalipikwa kwa joto na kukandamizwa, hata chembe zake zikajipanga upande mmoja. Vipande vya ulanga, ambavyo ni vyembamba kama magamba ya samaki, vimelala bapa kwa bapa. Katikati yao ziko chembe ngumu zaidi. Hivyo jiwe limekuwa na tabaka gumu, tabaka laini, tabaka gumu, tabaka laini, mfululizo.

Wachimbaji wa mgodi wa shaba wa Kilembe, ambao reli ilifikishwa Kasese kwa ajili yake mwaka 1956, walifanya kazi ndani ya miamba ya namna hiyo. Kila mchimbaji anajua kwamba mwamba wa matabaka hukubali kupasuka kwa kufuata matabaka yake na hukataa kukatizwa, sawa na gogo la mpasua kuni.

Sasa tulitazame wimbi linalopita katika mwamba kama huo. Likisafiri kwa kufuata matabaka, yale magumu hulibeba, kwa kuwa yamenyooka toka mwanzo wa safari hadi mwisho. Likisafiri kwa kuyakatiza, halina njia ya kukwepa. Hulazimika kupita katika kila tabaka, gumu na laini, moja baada ya jingine, na kila tabaka laini hulichelewesha. Ni kama wasafiri wawili, mmoja anayefuata barabara ya lami kandokando ya matope, na mwingine ambaye kila hatua chache hukutana na tope lisilokwepeka. Hivyo mwamba ule ule una kasi mbili.

Tena iko ajabu nyingine. Matabaka haya yaweza kuwa membamba, ya sentimeta au meta chache, hali wimbi la tetemeko lina urefu wa mamia au maelfu ya meta. Wimbi refu kama hilo haliyaoni matabaka moja moja. Mwaka 1962 mtaalamu wa Marekani aitwaye George Backus alionyesha kwa hesabu kwamba kwa wimbi refu rundo zima la matabaka membamba huwa kama kitu kimoja, lakini kitu chenye upande wake. Yaani matabaka yenyewe hayaonekani tena, ila athari yake inabaki, kama mtu asiyeziona nyuzi za kitambaa kwa macho lakini akikivuta akajua upande upi unakubali na upi unakataa.

WIMBI MOJA HUWA MAWILI

Mwaka 1669 Rasmus Bartholin wa Denmark alieleza kioja cha jiwe angavu litokalo Iceland. Ukiliweka jiwe hilo juu ya maandishi, kila herufi huonekana mara mbili. Wataalamu wa baadaye walifahamu sababu: nuru ikiingia katika jiwe lenye mpangilio wa upande mmoja hugawanyika sehemu mbili, na kila sehemu hushika njia yake na kasi yake.

Jambo kama hilo hulipata wimbi la mtikiso wa kando ndani ya ardhi. Tuchukue vitabu vilivyosimamishwa wima katika rafu, na tufikiri kwamba wimbi linapanda kutoka chini. Mtikiso wa wimbi hilo ni wa kando, lakini kando zipo nyingi. Sehemu ya mtikiso inayokwenda sambamba na kurasa hukuta ugumu, nayo hupanda upesi. Sehemu inayozisukuma kurasa ubavuni hukuta ulegevu, nayo huchelewa. Wimbi liliingia likiwa moja, linatoka likiwa mawili, moja nyuma ya jingine. Chombo kilicho juu ya ardhi huandika mambo mawili: upande ambao wimbi la haraka lilitikisika, na muda uliopita hata lile la pole likafika. Upande hutuambia nyuzi za ardhi zimelala vipi. Muda hutuambia nyuzi hizo zina nguvu kiasi gani na unene gani.

Kazi hiyo ndiyo iliyofanywa katika eneo la Rwenzori na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Frankfurt pamoja na wenzao wa Uganda na Kongo. Walipoyachunguza mawimbi ya matetemeko ya mbali sana, yaliyopita katika tumbo la dunia na kupanda hadi hapa, waliona kwamba yamegawanyika, na pengo la wastani ni kama sekunde 1. Wimbi la haraka lilitikisika, katika vituo vingi, kwa kufuata mwelekeo wa Bonde la Ufa lenyewe.

Swali likawa hili: nyuzi hizo ziko kina gani? Jibu lilitolewa na matetemeko ya hapa hapa. Yale yanayotokea ndani ya ganda la dunia, yaani tabaka la juu, yalikuwa na pengo la sekunde 0.04 tu. Bahati nzuri kwa uchunguzi, chini ya Rwenzori hutokea pia matetemeko machache ya kina kirefu, kati ya kilomita 53 na 60, ambayo yako chini ya ganda hilo, katika tabaka ambalo wataalamu huliita koti ya dunia. Hayo yalikuwa na pengo la sekunde 0.2 hivi. Msomaji na apime mwenyewe. Kama safari katika ganda peke yake huchelewesha wimbi kwa sekunde 0.04, na safari ya kutoka kilomita 60 huchelewesha kwa 0.2, na safari ya kutoka chini zaidi kwa sekunde 1, basi sehemu kubwa ya nyuzi hizo haiko katika miamba tunayoikanyaga. Iko chini yake, ndani ya koti.

Maelezo wanayoyaona kuwa yanaafikiana na vipimo ni kwamba chini ya bonde hili zimo nyufa zilizoingiliwa na mwamba wa moto ulioyeyuka, zimesimama wima kama vile vitabu vya rafuni, zikifuata urefu wa bonde. Afrika inavutwa mashariki na magharibi; nyufa hufunguka kukatiza mvuto huo, kama nguo inayochanika. Upande wa kusini wa eneo lililopimwa mambo si mepesi hivyo: mwelekeo wa nyuzi hubadilika katika mwendo mfupi, na mabonde yaliyojaa mashapo laini huyachanganya mawimbi zaidi.

Hapana budi tuseme wazi kipimo hicho hakisemi nini. Hakisemi tetemeko lijalo litakuja siku gani. Hakuna mtaalamu popote duniani awezaye kutaja siku wala saa, na yeyote adaiye kuwa aweza asisikilizwe. Wala hakisemi kwamba volkano italipuka kesho Bwera. Kinachosema ni kwamba ardhi ya hapa ingali inavutwa, nayo itafyatuka tena. Mwenye kujua hivyo hana haja ya kutaja siku. Ana haja ya kujenga ukuta.

UDONGO NA MTEREMKO

Kabla ya kufika kwenye ukuta, wimbi lina mahali pawili pa kupitia. Pa kwanza ni tambarare. Chini ya bonde, kuelekea ziwa George na ziwa Edward, mwamba mgumu umefunikwa na mashapo, yaani mchanga, changarawe na udongo ulioletwa na mito kutoka mlimani. Wimbi likitoka katika mwamba na kuingia katika udongo laini hupunguza kasi, na likipunguza kasi huinuka, kama wimbi la ziwa linavyoinuka likikaribia ufukoni. Kwa sababu hiyo nyumba mbili zilizo mbali sawasawa na chanzo cha tetemeko zaweza kupatwa na mitikisiko isiyo sawa, moja ikiwa juu ya mwamba na nyingine juu ya udongo mzito.

Pa pili ni mteremko. Hapo matabaka ya mwamba yana neno la kusema. Kama yameinama kuelekea nje, sawa na mteremko wenyewe, basi mlima huo ni kama mabati yaliyopangwa moja juu ya jingine juu ya paa lisilopigiliwa misumari. Mtikisiko mmoja, hasa wakati wa mvua, waweza kuyatelezesha. Kama yameinama kuelekea ndani ya mlima, hushikana vizuri zaidi. Mtu anayetaka kukata mteremko apate kiwanja hana budi kwanza kulitazama jiwe na kuuliza limeinama wapi.

UKUTA NAO NI MATABAKA

Sasa tufike nyumbani. Ukuta wa matofali ni kitu cha matabaka kama ulivyo mwamba wa Kilembe: tofali, udongo au saruji, tofali, udongo au saruji, toka msingi hadi paa. Nao una upande wake. Ukiukandamiza kutoka juu, hubeba uzito mkubwa bila kulalamika. Ndiyo maana nyumba husimama miaka mingi, na mwenyewe akaamini kwamba ni imara. Lakini uzito wa paa hutoka juu, na tetemeko hutoka ubavuni. Likija kwa kufuata urefu wa ukuta, ukuta hujitahidi kushindana nalo, hata kama utapata nyufa za mshazari. Likija usoni mwake, ukuta mrefu usioshikwa na kitu hulala kama mkeka. Na kwa kuwa mwananchi hawezi kuchagua tetemeko litokee upande gani, lazima kuta za pande zote zishikane, ili ule unaopigwa usoni ushikiliwe na ule unaopigwa kwa urefu.

Tulipata somo hilo karibu sana na hapa. Tarehe 10 Septemba, 2016 tetemeko la nguvu ya 5.9 lilitikisa mkoa wa Kagera, nchini Tanzania. Watu wasiopungua 17 walikufa, na nyumba nyingi za matofali zikabomoka. Nguvu hiyo ni ndogo kuliko zile za 1966 na 1994.

Dawa yake si ya matajiri peke yao. La kwanza ni kufungamanisha pembe, matofali ya ukuta mmoja yakiingia katika ukuta wa pili, badala ya kuta mbili kugusana tu. La pili ni mkanda wa zege wenye nondo, ambao mafundi wengi huuita linta, uzunguke nyumba yote bila kukatika. Mkanda unaoishia juu ya mlango na dirisha umeacha nyumba wazi kama kasha lisilo na kifuniko. La tatu ni milango na madirisha yakae mbali na pembe, na kuta ndefu ziwe na ukuta wa kati wa kuzishika. La nne ni paa jepesi lililofungwa barabara katika kuta.

Hata nyumba za zamani za fito zilikuwa na hekima hii. Nguzo zilisimama wima, fito zikalazwa kuzikatiza, na kila makutano yakafungwa kwa kamba. Zilikuwa na nyuzi za pande mbili, basi zilipotikiswa ziliyumba pamoja. Udhaifu wake ni mchwa, unyevu na udongo mzito uliosilibwa juu yake; lakini ile kanuni ya kufunga pande mbili ni ya kweli, nayo ndiyo iliyo ndani ya linta na nondo.

Uganda haikosi mwongozo. Mwaka 2003 Shirika la Viwango la Taifa lilitoa kanuni za kusanifu majengo yahimiliyo matetemeko. Kilichobaki ni kanuni hizo zitoke katika ofisi za wahandisi zifike kwa fundi wa Bwera aliyeshika mwiko na timazi, kwa lugha anayoielewa, na kwanza kabisa katika shule na zahanati, ambamo watu wengi hukaa chini ya paa moja.

Mpasua kuni huligeuza gogo kwanza, akalitazama, ndipo ainue shoka. Mjenzi wa Kasese na Bwera naye autazame ukuta wake kutoka ubavuni kabla hajaupandisha, maana ubavuni ndiko litakakotokea pigo.